Moshi Kutoka, Kelele Kubaki: Haki ya Jirani wa Feni katika Jiji la Nakuru

Feni ya kutoa hewa, yaani mashine inayovuta moshi, mvuke, joto na harufu kutoka ndani ya chumba na kuvisukuma nje kupitia tundu la ukutani au bomba la bati, ni chombo ambacho wanafalsafa hawakukitazama sana, ingawa kimebeba swali la kale katika maadili: mtu anapoondoa madhara yaliyo kwake, je, ana ruhusa ya kuyaacha yaangukie popote? Mwenye hoteli aliyefunga feni ya namna hiyo jikoni amejikinga yeye, wapishi wake na wateja wake na moshi unaochoma macho na kudhuru mapafu, na hakuna mwenye busara atakayemlaumu kwa hilo. Lakini feni hiyo hiyo hutoa mvumo usiokatika, na mvumo huo haukai jikoni, bali hupenya ukuta na dari na kumfikia mtu ambaye hali katika hoteli hiyo, halipwi nayo, wala hakuulizwa lolote ilipofungwa. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba kupunguza kelele ya feni si hisani ambayo mwenye feni humfanyia jirani pale anapojisikia, bali ni sehemu ya kazi yenyewe ya kutoa moshi, na kwamba anayeutoa moshi nje na kuiacha kelele imwendee mwingine amefanya nusu ya kazi na kumtwisha asiyehusika nusu ya pili.

Nakuru ni mahali panapostahili kuulizwa swali hili. Mji huo, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, umekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, umebanwa kati ya Mlima Menengai upande wa kaskazini na Ziwa Nakuru pamoja na hifadhi yake ya taifa upande wa kusini, kwa hiyo unapokua hauna budi kurefuka kufuata barabara kuu au kupanda juu kwa ghorofa. Katika mitaa iliyosongamana kama Kaptembwo, Rhonda na Bondeni, na hata katika majengo ya katikati ya jiji, ni jambo la kawaida ghorofa ya chini kuwa na bucha lenye nyama choma, hoteli au duka la mikate, na ghorofa za juu kuwa na familia zinazolala, wanafunzi wanaodurusu, wagonjwa wanaouguzwa nyumbani na, mara nyingi, ukumbi uliokodishwa na kanisa. Ujirani wa namna hii haukuwako katika maboma ya zamani ya Bonde la Ufa, ambako kati ya nyumba na nyumba palikuwa na ua, zizi au shamba. Maadili ya ujirani mwema ambayo wakazi waliyarithi kwa wazee wao yalizungumzia mifugo inayovuka mpaka, maji ya mto na moto wa kuazima, na sasa yanadaiwa yaseme neno kuhusu dari moja inayotumiwa na watu wawili, mmoja akiiita dari na mwingine akiikanyaga kama sakafu.

Kwa kuwa maadili hayamdai mtu jambo lisilowezekana, lazima kwanza ijulikane kama kelele ya feni inaweza kupunguzwa kweli, na hapo mwanafalsafa hana budi kumsikiliza fundi. Kelele hiyo ina vyanzo vitatu vinavyochanganyikana. Cha kwanza ni hewa yenyewe, inayokatwa na mapanga ya feni na kuvurugika, hasa bomba linapopindwa ghafla karibu na feni au linapokuwa jembamba mno kwa wingi wa hewa inayopita ndani yake. Cha pili ni mota pamoja na beringi zake, yaani zile pete za chuma zenye gololi zinazoushikilia mhimili unaozunguka, ambazo grisi ikikauka au chuma kikilika huanza kukwaruza. Na cha tatu, ambacho hakishukiwi ingawa mara nyingi ndicho kinachomsumbua jirani wa juu, ni jengo, kwa sababu feni iliyokazwa kwa bolti moja kwa moja kwenye bati, mbao au ukuta mwembamba huutia mtetemo uso mpana, na uso huo huitangaza sauti kama ngozi ya ngoma inavyolitangaza pigo la kijiti. Katika jiko la nyama kuna jambo la ziada, nalo ni mafuta yanayoganda juu ya mapanga bila usawa, upande mmoja ukawa mzito kuliko mwingine, na feni iliyoanza kazi ikiwa tulivu ikawa inagongagonga baada ya miezi michache bila mwenyewe kutambua, kwa maana aliye karibu na kelele kila siku ndiye wa kwanza kuizoea.

Wataalamu hupima ukali wa sauti kwa desibeli, kipimo ambacho hakipandi kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha: kila zinapoongezeka desibeli 10, nishati ya sauti huwa mara 10 ya ilivyokuwa, na sikio la binadamu huisikia sauti hiyo kama imekuwa kali takriban mara mbili. Kwa kipimo hiki imejulikana kanuni yenye uzito wa kimaadili kuliko inavyoonekana, kwamba nishati ya kelele ya feni hupanda takriban kwa kipeo cha tano cha kasi yake, yaani feni ile ile ikizungushwa kwa kasi mara mbili hutoa hewa mara mbili tu, lakini kelele yake huzidi mara 32, sawa na nyongeza ya desibeli 15. Maana yake ni kwamba hewa ya ziada inayopatikana kwa kuilazimisha feni ndogo kukimbia hununuliwa kwa kelele nyingi mno, ilhali feni pana inayozunguka polepole huutoa moshi ule ule kwa utulivu mkubwa zaidi. Hali ya Nakuru huongeza kishawishi cha kukimbiza feni, kwa kuwa hewa ya mwinuko ule ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na hewa ya Mombasa yenye joto lile lile, na feni inayotegemewa kupoza jiko hulazimika kusukuma hewa nyingi zaidi ili iondoe joto lile lile. Mwenye duka anayenunua feni ndogo kwa sababu bei yake ni nafuu hajaokoa fedha zote anazodhani ameziokoa; sehemu ya bei ya feni kubwa ameikopa kutoka kwenye usingizi wa jirani, tena bila jirani kuambiwa kwamba anakopesha.

Tiba zinajulikana na nyingi si za gharama. Feni hukalishwa juu ya vipande vya raba ili mtetemo usishuke jengoni. Kati ya feni na bomba huwekwa mkono mfupi wa turubai nzito au mpira laini ili chuma kisishikane na chuma. Bomba huachwa liende moja kwa moja kwa kiasi fulani kabla ya kupindwa, na likipindwa lipindwe kwa mviringo. Mapanga husafishwa mafuta. Beringi hutiwa grisi au kubadilishwa. Mdomo wa bomba huelekezwa barabarani au juu ya paa badala ya dirisha la chumba cha kulala. Na pale haja inapozidi, hewa hupitishwa katika sanduku lililotandikwa ndani sufi ya madini, ambayo humeza sauti na kuruhusu hewa ipite. Tiba nyingine haihitaji hata bisibisi, nayo ni kuizima feni jiko linapozimwa, jambo linalosahauliwa kwa sababu anayeondoka haisikii tena. Mambo haya yametajwa kwa urefu kwa kuwa yanabadilisha hukumu: dhara lisiloepukika huvumiliwa kama mvua ya mawe, lakini dhara linaloepukika kwa vipande vinne vya raba ni uamuzi wa mtu, na uamuzi wa mtu huulizwa sababu zake.

Liko jibu la kale linalosema kwamba tatizo haliko katika kelele bali katika moyo wa anayeisikia. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya 1 na mfuasi wa Wastoiki, yaani wale waliofundisha kwamba utulivu wa mtu hutegemea namna anavyoyapokea mambo kuliko mambo yenyewe, aliandika katika barua ya 56 kwa rafiki yake Lucilius habari za kuishi juu ya bafu la umma, pamoja na miguno ya wanaonyanyua vyuma na makelele ya wauza vyakula, akadai kwamba akili iliyojitawala haitikiswi na sauti za nje. Kisha mwishoni mwa barua hiyo hiyo akatangaza kwamba anahama. Uamuzi huo wa kuhama hauhitaji kusomwa kama kushindwa kwa falsafa yake, kwa sababu una ukweli ambao hoja zake za mwanzo zilikuwa zimeuficha, kwamba kuvumilia ni mazoezi mazuri kwa anayeweza kuyaacha. Mpangaji wa Kaptembwo anayelipa kodi mwezi kwa mwezi, ambaye shule ya watoto wake na kibarua chake viko umbali wa kutembea kwa miguu, hana mahali pa kuhamia kwa sentensi ya mwisho ya barua.

Mafundisho ya dini juu ya subira yanahitaji kulindwa kwa namna hiyo hiyo. Kanisani na msikitini, mwumini wa Nakuru hufundishwa kwamba subira ni fadhila kubwa, na ni kweli. Lakini subira ni fadhila ya anayeichagua mwenyewe juu ya dhiki yake, na haiwi fadhila inapotamkwa na mwenye feni kumwambia asiyelala. Anayemwamrisha mwenzake astahimili dhara ambalo yeye mwenyewe analitia na anaweza kuliondoa hahubiri subira, bali anaitumia dini kama kifuniko cha uzembe wake. Hili ni kosa zito kuliko kelele yenyewe, na linastahili kukemewa waziwazi, kwa sababu humwibia jirani kwanza usingizi na baadaye haki ya kulalamika.

Fikra za Kiislamu za sheria zimelishughulikia suala hili kwa undani ambao wasomaji wengi wa Kiswahili hawauhusishi na mashine. Msingi wake ni kanuni ya Mtume inayokataza kudhuru na kulipizana madhara, lakini wanazuoni walitofautiana juu ya mipaka yake, hasa pale dhara linapotoka katika matumizi halali ya mali ya mtu. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, kwa asili yalimpa mwenye mali uhuru mpana wa kuitumia nyumba yake, na mtu anaweza kudhani kwamba uhuru huo unampa mwenye feni ushindi. Imam Nawawi wa Shamu, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake Minhaj kilikuwa mojawapo ya nguzo za elimu ya fiqhi katika pwani ya Waswahili, alishikilia kauli aliyoiona kuwa yenye nguvu zaidi, kwamba inajuzu mtu kuigeuza nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa hamamu au zizi, au kufungua karakana ya uhunzi kati ya maduka ya nguo, lakini akaweka sharti kwamba achukue tahadhari na azifanye imara kuta zake. Sharti hilo ndilo lenye uzito wote. Ruhusa haikutolewa kwanza kisha tahadhari ikaongezwa kama mapambo. Ruhusa imefungwa ndani ya tahadhari, na aliyeacha kuimarisha ukuta hana ruhusa ya kuitaja.

Wafuasi wa Imam Malik walikwenda mbali zaidi katika kumlinda jirani, na kati yao alikuwako Ibn al-Rami, fundi mwashi wa Tunis wa karne ya 14 aliyekuwa akiitwa na makadhi kutoa ushahidi wa kitaalamu, ambaye aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za majengo. Anasimulia namna ya kupima kama mtetemo wa kinu unaifikia nyumba ya jirani: karatasi hufungwa nyuzi kwenye pembe zake na kutundikwa penye ukuta wa mpaka, punje za giligilani kavu huwekwa juu yake, kisha kinu huendeshwa, punje zikitikisika, dhara limethibitika na mwenye kinu huambiwa aondoe kinu chake. Kipimo hicho, kilichobuniwa karne nyingi kabla ya desibeli, kina sifa ambayo vipimo vya leo hukosa mara nyingine, kwamba kinawekwa upande wa anayeumia, si upande wa mashine, na kwamba pande zote mbili zinaweza kukiona kwa macho yao bila kumtegemea mtu mwenye cheo. Ni kweli kwamba mahakama za Kadhi za Kenya, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, husikiliza mambo ya ndoa, talaka, hadhi ya mtu na urithi baina ya Waislamu, kwa hiyo Kadhi wa Nakuru hatahukumu kesi ya feni. Lakini mfanyabiashara Mwislamu wa Bondeni ana dhamiri mbali na mahakama, na dhamiri hiyo ina vitabu vyake.

Sheria ya Kiingereza, ambayo Kenya ilirithi misingi yake, ilifika kwenye jiko kwa njia nyingine. Katika kesi ya Sturges na Bridgman iliyoamuliwa London mwaka 1879, mtengeneza vitamutamu alikuwa ametumia vinu vikubwa vya kutwangia jikoni mwake kwa zaidi ya miaka 20 kabla daktari aliyepakana naye kujenga chumba cha kuonea wagonjwa mwisho wa bustani yake, na mahakama ikampa haki daktari, ingawa ndiye aliyeisogelea kelele. Mwaka 1960 mwanauchumi Ronald Coase, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1991, aliitumia kesi hiyo kudai kwamba dhara daima lina pande mbili, kwa maana kumzuia mwenye jiko nako ni kumdhuru, na kwamba swali la busara ni mpango upi unaigharimu jamii kidogo zaidi. Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa, kwa kuwa mji usio na majiko, vinu na karakana ni mji usio na chakula wala kazi. Hata hivyo, kwa hesabu zake zenyewe, katika ghorofa za Nakuru anayeweza kuliondoa dhara kwa gharama ndogo ni yule mwenye kuishika feni, kwa maana familia kumi za juu zikitaka kujikinga zitalazimika kuziba madirisha kumi, na zikiyaziba zitahitaji nazo feni za kuingiza hewa. Zaidi ya hesabu, hoja ya Coase huwaweka wahusika katika usawa ambao haupo, kwa sababu mmoja alichagua mashine, anajua inavyofanya kazi na anakula faida yake, na mwingine aliamka tu akaikuta.

Kesi hiyo hiyo iliacha urithi mwingine usiopendeza, nao ni fundisho kwamba lililo kero katika mtaa mmoja huenda lisiwe kero katika mtaa mwingine, kwa kutazama desturi ya mahali. Fundisho hilo lina mantiki mchana, kwa kuwa hakuna atakayetarajia utulivu wa makaburini karibu na soko. Lakini likipelekwa hadi usiku humaanisha kwamba mkazi wa Milimani, mtaa wa nyumba zenye bustani, ana usingizi unaolindwa, na mkazi wa Rhonda hana, kwa sababu tu aliizoea kelele kabla hajapewa nafasi ya kuikataa. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, ambazo usimamizi wake uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, zimeliona jambo hili kwa namna inayostahili sifa. Mchana, yaani tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, zinatofautisha maeneo: mahali pa ibada desibeli 40, nje ya nyumba za makazi 50, maeneo ya makazi yaliyochanganyika na biashara 55, na maeneo ya biashara 60. Usiku tofauti hizo zote zinafutika na kila eneo linawekewa desibeli 35. Kiwango hicho ni kigumu kufikiwa katikati ya jiji lolote, na Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza 40 nje ya nyumba usiku. Lakini fikra iliyo ndani yake ni sahihi, kwamba watu hutofautiana katika kazi zao na hawatofautiani katika kulala.

Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995, alitetea haki aliyoiita ya kima cha chini cha ubinadamu, yaani yale mambo ambayo mtu akiyakosa hawezi tena kutenda kama kiumbe mwenye akili na maadili, nayo kwake yalikuwa usalama wa mwili, afya na riziki ya kujikimu. Usingizi haukutajwa peke yake katika orodha hiyo, lakini umo ndani yake, kwa kuwa asiyelala huugua, hukosea kazini, huwa mkali kwa watoto na hatimaye hushindwa hata kuitekeleza ile subira anayohubiriwa. Uzito wa wazo la Odera Oruka ni kwamba haki ya kima cha chini haipimwi kwa mizani moja na starehe wala faida ya mwingine. Hupewa nafasi yake kwanza, na biashara hupangwa kuizunguka. Kwa mtazamo huo, mwenye hoteli ana haki ya kupika hadi usiku, lakini haki yake huanzia pale alipokwisha kuhakikisha kwamba anayelala juu yake analala.

Upande wa Menengai swali hili linachukua sura nyingine, kwa maana pale kinachotafutwa ni zaidi ya usingizi. Ndani ya kasoko ya mlima huo, mojawapo ya kasoko kubwa za volkeno nchini, yamo mapango ambamo Wakristo wa madhehebu mbalimbali huenda kufunga na kuomba, wengine kwa siku kadhaa, wakiiacha nyuma ghasia ya mji. Wengi wao huijua simulizi ya Nabii Eliya pangoni Horebu, ambaye alipitiwa na upepo mkali, tetemeko na moto, asimkute Mungu katika hivyo, kisha akamkuta katika sauti ndogo ya utulivu. Na mahali penye miamba iliyopasuka na mvuke unaofuka ardhini, simulizi hiyo haihitaji kufafanuliwa sana. Tangu mwaka 2011 Kampuni ya Maendeleo ya Jotoardhi imekuwa ikichimba visima vya mvuke katika kasoko hiyo hiyo, na mwaka 2023 mtambo wa kwanza, wa kampuni ya Sosian wenye uwezo wa megawati 35, ulianza kuzalisha umeme. Kisima cha jotoardhi kinapofunguliwa ili kipimwe hutoa ngurumo ambayo hakuna feni ya jikoni inayoikaribia, na wahandisi huielekeza ngurumo hiyo katika chombo cha kunyamazisha, yaani mnara mpana ambamo mvuke hutanuka na kupoteza kasi kabla ya kwenda angani. Mwaka 1952 mwanahisabati Mwingereza James Lighthill alionyesha kwamba nishati ya kelele ya mkondo unaofoka hupanda kwa kipeo cha nane cha kasi yake, kwa hiyo kuipunguza kasi kwa nusu hupunguza desibeli 24; ni fundisho lile lile la feni ya bucha, la kupanua njia na kupunguza mbio, likitendwa kwa kiwango cha mlima. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, ambako umeme wa jotoardhi umezalishwa tangu 1981, feni zenyewe zinarudi kwa ukubwa mpya, kwa kuwa mtambo wa Olkaria III hupozwa kwa hewa inayovutwa na safu za feni pana, na majirani zake ni wafugaji wa Kimaasai pamoja na wanyama na tai wa Hifadhi ya Hell's Gate, na viumbe hao wa hifadhi hawana ofisi ya kupeleka malalamiko.

Kinachopotea kelele inapoingia pangoni kinahitaji kuelezwa kwa uangalifu wa kiteolojia. Haiwezekani kusema kwamba Mungu huzibwa sauti na mashine, na wala simulizi ya Eliya haisemi hivyo. Kinachozibwa ni usikivu wa binadamu, ule uwezo wa kukusanya nia mahali pamoja, ambao mapokeo ya dini zote mbili kubwa za eneo hili huuhesabu kuwa sharti la ibada na Waislamu huuita khushuu, yaani unyenyekevu wa moyo mbele ya Mwenyezi Mungu wakati wa swala. Mwenye kelele basi hamwondoi Mungu pangoni, bali humnyang'anya mja kitu ambacho mja alipaswa kukitoa.

Hapa wenye kuabudu nao wanaingia mashtakani, na hoja hii isingekuwa ya haki kama ingewaacha. Ukumbi wa kanisa uliokodishwa juu ya bucha hulalamikia feni ya bucha, na majirani wa ukumbi huo hulalamikia vipaza sauti vya mkesha wa Ijumaa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tofauti ipo kati ya aina hizi mbili za sauti, kwa kuwa mahubiri na adhana humwelekea mtu na kumwambia jambo, na feni haimwambii mtu yeyote lolote, na kwa sababu hiyo sauti ya ibada inaweza kudai kiasi cha uvumilivu ambacho mashine haiwezi kukidai. Lakini kinachodai uvumilivu ni ujumbe, si ukubwa wa kipaza sauti, na Luqman katika Qurani anamuusia mwanawe aishushe sauti yake bila kumwambia kwamba maneno mema yamesamehewa usia huo. Kanisa linaloelekeza vipaza sauti ndani kwa waumini wake, badala ya kuvitundika madirishani, limefanya kwa sauti yake jambo lile lile ambalo bucha linatakiwa kulifanya kwa feni.

Wajibu huu haulingani kwa kila mtu, na yeyote atakayeutumia kumfungia biashara mama anayekaanga viazi kwa jiko moja na feni ya mtumba atakuwa ameigeuza haki kuwa silaha ya wenye nafasi. Anayeweza raba atatoa raba, asiyeweza sanduku la sufi atageuza mdomo wa bomba, na asiyeweza hata hilo ataizima feni mapema na kusafisha mapanga, kazi isiyohitaji fedha. Sehemu kubwa zaidi ya deni hili iko kwa asiyeonekana jikoni, yaani mwenye jengo, ambaye alikodisha ghorofa ya chini kwa biashara ya moto na ghorofa za juu kwa watu wa kulala, akapokea kodi za pande zote mbili, na hakuacha ndani ya kuta zake njia ya bomba la kupeleka moshi hadi juu ya paa. Mpangaji wa jiko aliyekuta ukuta usio na njia hutoboa pale palipo karibu, na mara nyingi palipo karibu ni chini ya dirisha la mtu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia serikali za kaunti udhibiti wa kelele pamoja na upangaji wa miji na majengo, kwa hiyo ofisi inayopitisha ramani za majengo Nakuru ina mamlaka ya kuuliza, kabla jiwe la kwanza halijawekwa, moshi wa ghorofa ya chini utapita wapi, feni itakalishwa juu ya nini, na mdomo wake utamtazama nani.